Baba Yetu Kati ya Pigo na Pigo

Enzi zetu, ninyi wenzangu mliohamishiwa vijiji vya ujamaa mkiwa mgongoni mwa mama zenu, au kama mimi, mkitembea na kuku kwapani, Jumapili haikuanza kwa spika. Ilianza kwa rimu ya lori. Kijijini kwetu, upande wa Busawe, rimu hiyo ilining'inia kwenye mgunga nje ya kanisa la udongo, na mama yangu, Wankuru, ndiye aliyetunza nyundo yake.

Chuma kilikuwa adimu kama sabuni, kwa hiyo rimu ile moja ilifanya kazi tatu. Mapigo mawili mawili, kila mtu ashike jembe aende shamba la kijiji. Mapigo saba ya taratibu, ibada. Mapigo ya mfululizo, ng'ombe wameibwa, wanaume watoke na pinde. Hayo tuliyajua kabla ya kujua kusoma. Hata tukiwa katikati ya mchezo wa rede, rimu ikilia tulisimama kwanza tukahesabu. Mjukuu wangu leo namwita mara nne, masikio kayaziba na vidude vyake vya muziki, na chakula kinapoa.

Mama hakuwa na saa. Kati ya pigo na pigo alisali Baba Yetu nzima, midomo ikicheza bila sauti, na akifika amina ndipo anainua nyundo. Jumamosi alikandika sakafu ya kanisa kwa samadi, kisha akafua khanga yake kwa majani ya mpapai. Mpaka leo nikisikia harufu ya samadi mbichi najiona nimekaa chini, miguu nimekunja, nasubiri kuimba.

Uongo aliuchukia kuliko nyoka. Siku moja muuzaji wa duka la kijiji alimpimia sukari kikombe kimoja zaidi kwa bahati mbaya. Mama akageuka njiani kuirudisha, sisi watoto nyuma yake tukimeza mate. Tuliyobaki nayo ilipoisha, uji wa ulezi tukaunywa bila sukari wiki nzima, na yeye akiimba.

Sasa nifike kwenye Jumapili yenyewe. Nilikuwa na miaka tisa. Alfajiri mama aliitwa kwa jirani aliyeshikwa na uchungu, na kwa kuwa mtoto hakuwa na haraka ya kutoka, akaniachia nyundo. Aliniambia, "Usikimbie, Ghati. Ukikimbia wewe, na watu watakimbia."

Niliogopa kuchelewa, niliogopa kusahau hesabu, niliogopa mwinjilisti aliyekuwa tayari amefika na baiskeli yake, anapangusa vumbi kwenye viatu na kunitazama. Nikapiga la kwanza. Nikaanza Baba Yetu, nikaangalia njia, hakuna mtu. Nikaikata sala nikapiga la pili. Bado njia tupu. La tatu likaja haraka, la nne haraka zaidi, na kufikia hapo nilikuwa sisali tena, napiga tu, machozi yananitoka, nikitaka mtu yeyote atokee.

Wakatokea. Wanaume walitoka kila mlango na pinde na mapanga, wengine vifua wazi, mmoja na povu la kunyolea ndevu shavuni. Hawakuniuliza kitu. Wakashuka mbio kuelekea kivukoni mtoni, kwa sababu ndiko wezi walikopitishia ng'ombe siku zote. Nikakimbia nyuma yao na nyundo mkononi, na njiani mama akanifikia, mikono yake bado ina damu ya uzazi. Aliitazama nyundo, akanitazama usoni, akaichukua akanipita.

Kivukoni walikuwa wamemzingira mtu. Alikuwa Mnata, mgeni wa kabila jirani, na ng'ombe watatu na kondoo mmoja. Alikuwa amepiga magoti matopeni, mikono juu, na kijana mmoja amevuta upinde, mshale umeelekea kifuani pake. Yule mgeni alikuwa akirudia jambo moja tu: "Ng'ombe hizi ni za mahari, jamani. Napeleka mahari."

Hakuna aliyemsikiliza. Rimu ilikuwa imeshasema.

Mama aliingia katikati akasimama mbele ya mshale, nyundo ameinua ionekane. "Mura, kijana wangu, shusha upinde. Hakuna kilichoibwa. Rimu nimepiga mimi, nimekosea."

Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Ningeweza kusema. Nilishika nguo yangu na kunyamaza, na kunyamaza huko ndiko ninakokujutia mpaka kesho.

Upinde ulishuka. Mwenyekiti wa kijiji alimtoza mama mbuzi kwa kusumbua watu. Hilo halikunitisha sana, mbuzi tulikuwa nao. Kilichonitisha ni Jumapili iliyofuata, mama aliposimama mbele ya kanisa akasema amesema uongo, na akaomba asiulizwe kwa ajili ya nani. Walimtenga na meza ya Bwana miezi mitatu na nyundo wakampa mwingine. Miezi hiyo yote alikaa mkeka wa nyuma kabisa, karibu na mlango, na bado kila Jumamosi alikandika sakafu. Nami nilikaa kando yake nikisubiri anigombeze. Hakunigombeza, na hilo lilinitesa zaidi kuliko fimbo.

Miaka mingi ilipita. Mwaka jana, akiwa kitandani, kapungua kabisa, nilijikaza nikamwambia, mama, ile rimu.

Alicheka kidogo. "Nilikuwa nimepokea kichwa cha mtoto wa watu, huku nasali nawe kimoyomoyo; nikafika 'utupe leo riziki yetu' ukapiga. Makosa yetu uliyaruka."

Nikamwomba anisamehe. Akasema, "Basi sala ile imalizie."

Tulimzika siku ya tatu baada ya hapo. Kanisa sasa lina bati, spika mbili na kinanda cha umeme, na vijana huitana ibadani kwa simu, kisha wanachelewa vilevile. Rimu bado ipo, imeota kutu, mgunga umeukumbatia mnyororo wake. Jumapili baada ya maziko niliwaomba wazee wa kanisa nyundo. Nikapiga la kwanza, nikasali nzima. Nyuma yangu kijana mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba bibi amechoka, apokewe. Nilimwacha aseme. Niliogopa vilevile kama nina miaka tisa, lakini nilipofika "utusamehe makosa yetu" nilikaa hapo, nikakaa, mpaka nikaweza kuendelea, nikafika amina, nikainua nyundo.