Siku Nyumba Yetu Ilipoazima Utajiri

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nyumba yetu ya Chanzuru ililala maskini ikaamka tajiri. Usicheke. Au basi cheka tu, maana hata mimi mama yako mkubwa nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni, mpaka wapangaji wangu wanachungulia kuona kuna nini.

Nilikuwa msichana wa umri wako huo huo. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda chuo cha kilimo, tumeshangilia, mama kapiga vigelegele, halafu tukaiona karatasi ya ada. Baba alikuwa mkulima wa mpunga na mahindi, na msimu ule mto Mkondoa ulifurika ukalichukua shamba lake la bondeni lote, mche hata mmoja haukubaki. Nikaanza kujizoesha kusema, "Siendi," ili siku ya kulisema lisiniume sana.

Ndipo mtendaji wa kijiji akatuletea habari. Halmashauri ilikuwa na msaada wa masomo kwa vijana wa kaya zisizojiweza. Serikali ingelipa sehemu kubwa ya ada, na iliyobaki mwanafunzi angeifanyia kazi katika shamba la chuo wakati wa likizo. Sharti lilikuwa moja: afisa kutoka wilayani aje kwanza aione nyumba kwa macho yake.

"Anakuja kesho saa nne," mtendaji akasema, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Sasa mwanangu, wewe umezaliwa huku huku, unatujua. Mgeni akishatangazwa, nani kwetu anakaa vile vile? Mama alianza kufagia uwanja pale pale. Lakini aliyeharibu ni mimi, wala sitamsingizia mtu. Nilikuwa nimesoma bweni, nimeona wenzangu wanavyotembelewa na wazazi wenye viatu vya kung'aa, nikaingiwa na aibu ya kwetu. Nikajiambia, afisa mzima wa wilaya hawezi kukalishwa kwenye kigoda cha jikoni.

Basi nikaingia mtaani kuazima. Kwa mke wa mwalimu nikapata chupa ya chai na vikombe vya maua. Kwa mwenye duka nikapata redio. Kwa Bibi Tatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane mwenye mdomo wake, nikapata viti vinne vya mninga pamoja na vitambaa vyake vya kufuma. Sikutosheka. Nikarudi kumwomba mbuzi wake watatu niwafunge uwanjani kwetu. Bibi Tatu akanitazama juu mpaka chini, akatabasamu meno yote.

"Kumbe mambo yameiva! Chukua, mjukuu wangu, chukua!"

Nilidhani anasema mambo ya chuo. Baba ndiye aliyeniuliza, mara moja tu, "Binti yangu, mali za watu hizi za nini?" Nikamjibu, "Baba, tusijiaibishe mbele ya mgeni." Siku hizi ndiyo najua nilimchoma vipi kwa neno lile.

Saa nne kasoro, Mama Mkude akafika. Ndiye afisa mwenyewe, mama mnene mpole, na daftari kubwa kwapani. Akamwamkia baba, "Shikamoo mzee," baba akaitikia, "Marahaba," nami nikamwamkia yeye, nikamkaribisha kiti cha mninga. Redio inaimba. Chai inafuka. Mbuzi wanalia uwanjani kana kwamba nao wamefundishwa.

"Mbuzi hawa ni wa nani?" Mama Mkude akauliza.

Baba akafungua mdomo. Nikamuwahi. "Wa kwetu, mama."

Akaandika. "Na redio?"

"Ya kwetu."

Akaandika. Akakipapasa kitambaa cha kiti, akaitazama chupa ya chai, akaandika tena, halafu akafunga daftari.

"Hongereni sana," akasema. "Wilaya ina watoto wengi wenye shida, na nafasi zenyewe ni chache. Nimefurahi kuona nyinyi mnajiweza. Chuo mtakilipia bila taabu."

Mwanangu, chai ilinipalia. Hapo ndipo akili ikanirudia kwamba yule mama hakuja kututembelea. Alikuja kuuona umaskini wetu, na mimi nilikuwa nimeuficha uvunguni mwa kitanda pamoja na kigoda. Nikataka kusema ukweli. Ningemwambia nini? Kwamba mimi ni mwongo? Nikamwona anainuka, na chuo changu kinainuka naye.

Mara huko nje, vigelegele! Bibi Tatu huyo, kajifunga khanga mpya, ana kikapu cha mchele kichwani, anacheza tangu barabarani.

"Hodi wenye nyumba! Yuko wapi bwana harusi? Nimuone huyo aliyenitolea viti vyangu ndani!"

Kumbe! Mtaa mzima ulijua kuwa siku ile naposwa. Msichana gani anaazima viti vinne, vikombe vya maua na mbuzi watatu kama hakuna posa? Bibi Tatu akaingia, akamtazama Mama Mkude, akatafuta mwanamume wa kumpa hongera, asimwone.

"Wewe ndiye mshenga?" akamuuliza.

"Mimi ni afisa wa wilaya, bibi. Nimekuja kuangalia kama huyu binti anastahili msaada wa masomo." Kisha akauliza polepole, "Viti hivi ni vya nani?"

"Vyangu! Na mbuzi wangu, na vitambaa nimefuma kwa mikono yangu. Redio ya dukani hiyo, hata mtoto mchanga anaijua." Bibi Tatu akatua kikapu, akanigeukia, na furaha yote ikamtoka usoni. "Ewe mtoto! Umekwenda kuomba dawa umejipaka poda? Daktari atakutibu nini? Nguo ya kuazima haisitiri matako, hukuambiwa? Na mficha uchi hazai!"

Nililia, mwanangu. Nililia kwa aibu ya kweli sasa, siyo ile ya kujitungia. Nikapiga magoti mbele ya Mama Mkude nikasema, "Nisamehe mama, nimedanganya. Hatuna kitu."

Hapo baba akasimama. Akasema, "Njoo uone, mama." Akampeleka chumbani, akamwonyesha bati linalopitisha jua na gunia la mahindi lililobaki robo. Akamtoa nyuma ya nyumba, akamwonyesha kule bondeni, mchanga mtupu mahali palipokuwa na mpunga. Alisimama wima kabisa akieleza, sauti haikutetemeka. Na mimi niliyemwonea haya tangu asubuhi nikajua kwamba baba yangu hakuwa na kitu cha kuonewa haya.

Waliporudi, Mama Mkude alikaa, si kwenye mninga, akakaa kigoda cha jikoni, mama yangu ameshakitoa uvunguni. Akacheka mpaka daftari likamdondoka. "Miaka yote ya kazi hii sijaandaliwa utajiri namna hii," akasema. Akafuta alichoandika, akaanza upya. Kisha akanikazia macho.

"Kazi ya shamba la chuo utaiweza, au na mikono utaazima?"

"Nitaiweza, mama."

"Haya."

Mchele wa posa ukapikwa, tukala wote. Chuo nilikwenda. Likizo wenzangu wakipanda mabasi, mimi nilibaki na jembe, nikapalilia nyanya za chuo mpaka viganja vikaota sugu. Na ni kwenye matuta yale, wallahi, nilipojifunza ukulima zaidi kuliko darasani. Nikawa bibi shamba, nikawafundisha wakulima kuanzia Kilosa mpaka milima ya Vidunda. Mshahara wa kwanza nilimnunulia baba viti vinne vya mninga. Haikupita wiki, Bibi Tatu huyo mlangoni: anaposwa mjukuu wake, anaomba kuviazima!

Sasa nisikilize. Jana nilikuwa nyuma yako pale steshenari, Mikumi. Ulikuwa unajaza fomu ya mkopo wa serikali kwenye kompyuta. Ulipofika pale panapouliza kama kwenu ni kaya inayosaidiwa, ukatupa jicho kwa rafiki zako, ukajibu hapana. Mama yako, mdogo wangu, anapalilia miwa ya watu huko Ruhembe, jina lake liko kwenye orodha ya kaya maskini, nawe unamfuta kwa kidole kimoja? Mwanangu, umeniazimia mbuzi wa Bibi Tatu!

Kuhitaji si aibu. Sema ukweli wako wote, weka kila barua wanayoitaka, na ukipewa kazi ya kufanya chuoni, ifanye kwa moyo. Siku utakapoanza kupokea mshahara, urudishe mkopo ule bila kufukuzwa, maana kuna mtoto mwingine Chanzuru anaungoja. Na mama yako usimwonee haya. Mimi niliwahi kumwonea baba yangu, kwa saa chache tu, na mpaka leo nikifika kaburini kwake namwomba radhi.

Fomu bado haijatumwa, nimeshamuuliza yule kijana wa steshenari. Maliza chai hiyo, nenda kaisahihishe. Mwenyezi Mungu akutangulie, akupe mwalimu mwema na mikono isiyochoka. Na akujalie, mwanangu, nyumba ambayo majirani watakuja kuazima viti.