Sahani ya Sita ya Zuwena

Picha ndiyo iliyonitoa Unguja. Katikati ya miaka ya tisini, mdogo wangu Zuwena, aliyeolewa Muscat, aliniletea picha ya ukuta wa sebule yake: sahani sita za kauri, zote za Kijapani. Roho iliniuma. Kwetu sahani ya ukutani ilikuwa moja tu, ya marehemu mama, tena ya kilima kimoja cha buluu, na nilibaki nayo mimi, mkubwa. Nikakata tiketi, eti nakwenda kumsalimu.

Kwenye uwanja wa ndege alinipokea kwa gari lenye kiyoyozi. Hilo nalo nikalitia moyoni.

Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Wattaya, nyuma ya maduka ya magari. Kahawa sijaimaliza, macho yangu yapo ukutani: wimbi limewainamia wavuvi, daraja katika mvua, bibi na mwavuli wake, mlima wenye theluji. Zuwena akanieleza kwamba picha hizo Wajapani walizichonga kwanza kwenye mbao, wakazipiga chapa kwenye karatasi, ndipo zikaigwa kwenye sahani. Alizinunua kwenye maduka ya Ruwi, mle mle Muscat, moja moja, kwa miaka.

Siku tatu nilijizuia kuzisifu. Ya nne, tukila halwa, kijicho kikanishinda. Nikaonyesha ile ya mlima.

"Mashaallah, hii nzuri!"

"Umeipenda, dada? Yako hiyo, nakupa."

Aliyelelewa kwetu analijua jibu: ahsante, ikae kwako ipendeze. Mwenyeji hutoa, mgeni hukataa, mambo yakaisha. Mimi nikasema, "Nifungie vizuri, isije ikavunjika."

Zuwena aliweka halwa yake chini. Kisha akapanda kiti, akaitungua, akaifunga kwa kanga yake.

Asubuhi ya kuondoka niliuona msumari mtupu. "Utatundika nini pale?"

"Sina cha kutundika. Ile ndo nlianza nayo, dada. Ikinkumbusha ya mama, kwa ule mlima. Ya mama we ndo mkubwa, siwezi kukuomba. Nkaona n'tafute yangu."

Nilitaka kuifungua pale pale. Kiburi kikanizuia, nikapanda ndege nimeipakata.

Nilipofika nyumbani, wiki nzima sikuitundika. Zawadi hairudishwi, basi nikaitungua ya mama, nikaifunga kwa kanga ile ile, nikampa jirani aliyekuwa akisafiri kwenda Muscat ampelekee. Ya Zuwena ndiyo iliyobaki ukutani kwangu. Wageni huisifu sana. Nami huwaambia ahsante, basi. "Yako hiyo" sithubutu, nisije nikampata mgeni kama mimi.