Risasi ya Shaba kwa Arobaini ya Salimu

Mama na nyote wa nyumbani, sababu ya safari yetu ya kuwinda mnaijua. Mdogo wangu Salimu alipigwa risasi na majambazi dukani kwake Soweto, kwenye kispaza, kiduka cha mtaani alichokuwa akiuzia mikate na vocha, na tukamzika huku huku kwa kuwa hatukuweza kumrudisha Tanga. Mliniuliza kwenye simu kama aliwahi kutamka shahada, nikasema ndiyo. Arobaini ilipokaribia, Bwana Yusufu, mwenye bucha ninayochinjia, akasema atawinda pofu kwa ajili ya hitima. Pofu ni yule swala mkubwa anayelingana na ng'ombe dume.

"Ila nawe utakuja, Hamadi," aliniambia. "Nani atamchinja?"

Hiyo ndiyo kazi yangu akiwinda: mnyama akianguka mimi hukimbia na kisu nimuwahi akiwa bado hai. Bwana Yusufu ni mtu wa Tanga kama sisi, ila amekaa Johannesburg mpaka akapata uraia na leseni ya bunduki.

Jioni ya kuamkia safari tulikuwa gerejini kwake. Bunduki yake ni magnum, ile yenye nguvu nyingi, na risasi za dukani anazilaumu kwamba zinakwenda kasi mno, zinampasukia mnyama begani na kuacha nyama imevilia damu. Ndiyo maana hujaza zake mwenyewe: ganda lililokwisha kutumika, fataki mpya kitakoni, baruti aliyoipima kwenye mizani ndogo, kisha kichwa juu. Mezani palikuwa na vichwa vya aina mbili. Vya kwanza ni risasi laini, yale madini yenyewe, iliyovikwa shaba. Vikigonga hufunguka upesi na kumwangusha mnyama karibu. Vya pili ni shaba tupu. Hivyo havivunjiki, hupenya mbali, na haviachi vipande ndani ya nyama.

"Kwenye hitima watakula watoto," alisema. "Sitaki wameze vipande vya risasi, vina sumu. Tutumie shaba."

"Yaani risasi isiyo na risasi," nikasema, na tukacheka. Hatukucheka tena safari nzima.

"Lakini shaba ikimpita bila kugusa mfupa atakimbia, Bwana Yusufu. Sitamuwahi."

"Nikimlenga begani atakimbilia wapi? Wewe piga bismillahi kwenye kisu, mimi nitapiga yangu kwenye bunduki. Sharp?"

"Sharp," nikajibu, ndiyo sawa ya huku, ingawa moyo ulikuwa mzito.

Alfajiri alinipitia Joubert Park, mtaa ninakoishi, na baki yake, ndivyo huku wanavyoita pikapu. Wachuuzi wa karibu na stesheni walikuwa wakiwasha moto wa mbao wapate joto. Tukashika njia ya kaskazini, nyasi zote zimekauka kwa kipupwe, na katika kila kibanda cha barabarani niliona duka la Salimu. Bwana Yusufu alifungua redio, akanitazama, akaizima.

Mchana tulifika kwenye shamba la wanyamapori wa kuwindwa. Mwenyeji wetu, mzee mmoja wa kabila la Wavenda anayefuata nyayo za wanyama, aliigeuzageuza risasi ile ya shaba kiganjani.

"Eish, hii ngumu," alisema. "Pofu wa hapa ukimkosea kidogo anaingia kwenye miiba."

Alasiri tulimwona, dume, amesimama ubavu. Bwana Yusufu aliegemeza bunduki kwenye mti. Nilikuwa kando yake, kisu mkononi, natazama uso wake. Midomo ilichezacheza, bunduki ikalia. Pofu aliruka, akatoweka kichakani.

Damu ilikuwa kidogo sana, tone hapa, tone kule, kwa sababu shaba ilipita nyuma ya bega na kutoka upande wa pili bila kugusa mfupa. Mzee alitangulia, sisi nyuma yake, miiba ikituchana. Tulimkuta jua linazama, amelala ubavu, macho wazi yameingia vumbi. Nilimshika shingo. Alikuwa amepoa. Nilisimama pale na kisu changu kama mjinga.

"Ulipiga bismillahi?" nikamwuliza Bwana Yusufu.

"Nilipiga."

"Mimi sikusikia."

"Nilisema kimyakimya, Hamadi. Ulitaka nimshtue?"

Nilikasirika. Kama aliitamka, nyama ni halali ingawa kisu kilichelewa. Kama hakuitamka, ningewalisha watu mzoga kwenye hitima ya mdogo wangu.

Kesho yake tulirudi na nyama chini ya turubai. Tumesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, ya kuingilia mjini, nyekundu imewaka, ndipo aliposema, "Kama huniamini, basi. Nitaitupa."

Nikamweleza ambayo sikuwaeleza nyinyi. Salimu alipopigwa alikimbia akaangukia nyuma ya ua, na mimi nilipofika kutoka Joubert Park alikuwa amepoa. Mama jirani aliyempakata kichwa aliniambia, "Midomo yake ilikuwa inachezacheza, mwanangu, lakini sauti haikutoka." Sikuwa na ushahidi mwingine wa shahada yake.

"Nimekuamini," nikamwambia Bwana Yusufu. "Nikikukataa wewe, na Salimu nitakuwa nimemkataa."

Alifuta macho kwa mkono wa koti. Nyuma yetu watu walipiga honi, taa ilikuwa imegeuka kijani.

Hitima ilisomwa Joubert Park, nyama ikapikwa, wageni wakala na kumwombea. Mimi pia nilikula. Mama, jibu la shahada nililokupa kwenye simu lilitoka kwenye midomo ile ya Salimu.