Poobalan Kwenye Miamba ya Isipingo

Tangu apunguzwe kazi kwenye kiwanda cha sukari, Poobalan alishindwa kutulia nyumbani. Mama mkwe wake, Kogila, akaamua kumfundisha kuvua samaki kwenye miamba ya Isipingo, ufukweni kusini mwa Durban. Lakini kila baada ya dakika moja Poobalan alivuta mshipi aitazame ndoana.

"Mwanangu, umekuja kuvua au kuosha chambo?" Kogila akamuuliza.

"Labda samaki wako kule mbele, mama."

Akarukia jiwe la mbele, lenye utelezi. Wimbi likampiga kiunoni, fimbo yake ya kuvulia ikaenda na maji. Kogila akamdaka ukosi wa shati, akamvuta hadi pakavu.

"Shika yangu. Tulia."

Akaishika, akatupa ndoana majini. Dakika haikuisha, akaanza tena kuvuta mshipi.