Kutoka Guangzhou Kabla ya Magharibi

Ramadhani ile baba alikuwa Guangzhou, China, kununua vitambaa vya duka letu la Rwezamenyo, Kigali, na kwenye simu aliahidi kwamba siku ya kurudi atafuturu nasi. Nilipagawa kwa furaha. Nyumbani kwetu hakuna anayetia tende mdomoni kabla ya baba, na tangu aondoke mama alikuwa akifungua kwa maji tu. Tende hagusi, anamngoja mwenyewe.

Kutoka Guangzhou hadi Kigali ni zaidi ya kilomita elfu tisa. Sisi tukila daku, ndege ilikuwa inapaa, na huko kulishakucha zamani. Niliiweka simu katikati ya sahani, tukakitazama kile kidege kidogo kikianza kutambaa kwenye ramani ya kufuatilia ndege. Ah, raha niliyokuwa nayo! Mchana kutwa nilikimbilia kwenye cherehani ya mama kumpa habari: kimeingia India, kimeiacha India, sasa ni bahari tupu. Kilomita hazikumshughulisha.

"Jua ya kule na ya huku ni moja?" aliuliza, mguu ungali kwenye pedali.

"Ni moja, mama. Anakuja nayo."

Nilijivunia sana jibu hilo. Baba alikuwa akilifuata jua linakokwenda, kwa hiyo saumu yake ingekuwa ndefu kuliko yetu, na bado angewahi adhana. Msafiri ana ruhusa ya kula, lakini baba ni mbishi.

Akawahi! Alishuka kwenye teksi jua likigusa paa la jirani, nikamrukia, mtu mzima mimi, bila aibu. Adhana ikatoka. Mama akamsogezea sahani ya tende, baba akaitazama tu.

"Mbona hukuli?" mama akauliza.

"Nimeshakula," akasema. "Mule ndani ya ndege walifunga madirisha yote, ni giza. Saa yangu iko ya China, ikasema magharibi imepita. Nikasema bismillahi, nikakula. Jirani wa kiti akafungua dirisha... Yoo! Jua iko inawaka!"

Mtu aliyezaliwa Kigali, ambako jua huzama saa kumi na mbili mwaka mzima, angeishukuje saa? Nilicheka hadi nikashika ukuta. Kisha nikayaona macho ya baba, kicheko kikanikauka. Alikuwa na haya ya kweli.

Mama hakucheka. Aliirudisha sahanini tende aliyokwisha kuishika, akanywa maji yake.

"Siku utalipa hiyo saumu, uniambie," akasema. "Nitafunga na wewe. Tende nitakula siku ile."

Baba hakuchelewa. Siku ya pili ya Idi, mtaa mzima ukinukia pilau, sisi watatu tulikaa mkekani tukingoja adhana. Baba akatia tende mdomoni. Mama akachukua ya kwake, akaila polepole, macho kwa baba.