Baiskeli Iliyonifikisha kwa Mama Mkwe

Mpaka leo nikipita Gasenyi, hata kwa baiskeli ya kuazima, kuna watu wanaosogeza viti vyao, na kwa kuwa sina la kujitetea, afadhali niwaeleze mwenyewe.

Ilikuwa wakati wa vita. Nguzo za umeme zilikuwa zimeangushwa huko milimani, jiji zima halikuwa na umeme, na sherehe zilifanywa mchana ili watu wawahi nyumbani kabla ya saa ya kutotembea. Siku hiyo ukoo wangu ulikwenda Gasenyi, kwa akina Jeannette, kuniombea mke. Kwetu, siku ya kuomba, wanaoongea ni wasemaji wa pande mbili. Kijana mwenyewe anakaa kimya, mikono magotini, akipimwa adabu. Na zaidi ya yote, hamsogelei mama mkwe (mama yake Jeannette alitoka Uvira, lakini kwa jambo hili alikuwa mkali kuliko Warundi wote).

Jirani alitaka kuniazima mawe ya redio, yaani betri, ili tupige kaseti ya kwaya. Nikakataa. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, jamani, na kila mwaka niliwaambia wanafunzi kwamba umeme ni mwendo uliogeuzwa tu: kwenye bwawa maji yanaanguka, yanazungusha gurudumu, gurudumu linazungusha sumaku karibu na nyaya, umeme unatoka. Dinamo ya baiskeli ina sumaku vilevile, na maji yake ni miguu ya mtu. Basi nikaisimamisha baiskeli kwenye stendi, gurudumu la nyuma likining'inia, nikafungua breki zisije zikalikwaruza (kitu kisichokwenda popote kinataka breki za nini), nikaunga redio kwa waya mrefu, nikampandisha kaka yangu Déo.

Déo alikanyaga pedali kama mtu anayekumbuka jambo kisha analisahau. Akiharakisha, kwaya inalia kama vifaranga. Akichoka, inanguruma kama ng'ombe. Msemaji wao, baba mdogo wa Jeannette, akakatisha hotuba.

"Mukwe, hii kwaya yako iko mugonjwa?"

Ningenyamaza hapo, ningekuwa salama. Lakini kumwona mtu akikosea na mimi nimekaa tu, hilo siliwezi. Nikainuka na suti yangu, nikamshusha Déo, nikapanda, nikaanza kukanyaga na kueleza, polepole, kwa mifano. Wageni wakapenda. Shangazi mmoja akapandisha sauti mpaka mwisho, na sauti ikipanda redio inadai umeme zaidi, na umeme ukidaiwa pedali zinakuwa nzito. Nikasimama wima, nikakandamiza kwa uzito wangu wote, stendi ikakunjika, gurudumu likagusa ardhi.

Nguvu iliyokuwa inakwenda kwenye kwaya ikanichukua mimi. Nikavuka uwanja, redio inaburutwa nyuma kwa waya wake, inaimba haleluya kwa mbio ambazo hakuna kwaya iliyowahi kuzifikia, nikapita katikati ya mitungi ya pombe bila kugusa hata mmoja, na nikatua mapajani pa mama mkwe. Redio ikanyamaza.

Nilimwona Jeannette amejifunika uso kwa kitenge. Nikajua nimemkosa.

Baba mdogo akasimama taratibu. "Tuliambiwa munakuja kuomba mutoto. Kumbe munataka mama yake."

Hakuna aliyethubutu kucheka; wote walimtazama mama. Yeye alinitazama mimi, pale pale nilipopakatwa.

"We mwalimu. Ile nguvu ya kuimbisha redio, sasa imeenda wapi?"

Swali ni swali, nikamjibu. "Nguvu haipotei, mama. Iliacha kwaya, ikanileta hapa."

Akafikiri. Jeannette akafunua jicho moja.

"Basi shuka," alisema mama. "Mutoto tutakupa. Kinga itabaki hapa."

Baiskeli ikabaki kweli, ikafungwa kwa mnyororo ukutani kwao. Harusini tulitumia mawe ya redio. Na siku hizi, nikiwa kwenye sherehe ya watu, mtu akiuliza umeme unatoka wapi, nasema sijui, mikono yangu ikiwa magotini.