Siku Nilipokataa Kusaini

Mkataba wangu wa kwanza uliniita Msaidizi wa Kompyuta. Mshahara ulikuwa laki sita, na nilishukuru, maana nilikuwa nimetoka chuo juzi tu. Kampuni yetu ya pale Moshi mjini ilipandisha watalii mlimani. Nilipofika, wapagazi walipangwa kwenye daftari, na mara kwa mara mtu mmoja aliandikwa kwenye misafara miwili ya siku moja. Nikaandika programu ya kuwapanga. Ilinichukua miezi minane. Tangu hapo hakuna msafara uliokwama kwenye geti la mlima.

Mwaka wa pili bosi alinipa barua: nyongeza ya elfu hamsini, cheo kilekile. Nikamwomba siku chache nifikirie.

Jumamosi nilipanda Kibosho nyumbani. Mama alikuwa kihambani, kwenye migomba yetu, akikata majani ya ng'ombe. Nilipomweleza, aliweka panga chini, akakaa juu ya mzigo wa majani.

"Haya, mimi ndiye bosi. Sema."

"Shikamoo bosi. Samahani, nilikuwa naomba, kama itawezekana..."

"Haiwezekani. Toka!"

Nilirudia mara nne, na mara zote nne alinifukuza. Mara ya tano nilikasirika kweli, nikamtajia kila kitu nilichokifanya, bila samahani hata moja. Mama akanyanyuka, akaendelea kukata majani.

Jumatatu asubuhi niliingia ofisini kwa bosi, barua mkononi, haijasainiwa.

"Shikamoo bosi. Kazi ninayofanya ni ya mhandisi wa programu. Naomba cheo hicho, na mshahara wa milioni moja na laki mbili."

Alivua miwani. "Cheo ni jina tu, binti."

"Kama ni jina tu, kulibadilisha hakutakugharimu kitu."

Alinitazama, kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyebanwa. "Sawa, cheo chukua. Lakini hela hiyo ni nyingi. Laki nane."

Nilitamani kusema asante nikimbie. Badala yake niliisogeza barua mezani mbele yake. Feni ilizunguka. Akaanza yeye mwenyewe kuhesabu kwa sauti: misafara iliyokuwa ikichelewa kabla ya programu yangu, wageni waliodai kurudishiwa fedha. Alipofika kwenye kundi moja lililolala getini kwa kukosa wapagazi, alivaa tena miwani.

"Milioni moja na laki moja. Zaidi ya hapo sina."

"Nimekubali. Naomba iandikwe leo."

Iliandikwa kabla ya chakula cha mchana. Nilisoma maneno yale, Mhandisi wa Programu, mara tatu nikiwa nimesimama kwenye ngazi, nikajisikia mrefu. Kisha nikampigia Mama.

"Amekubali leo leo?" aliuliza.

"Leo leo, Mama!"

"Basi ulitaja hela kidogo."

Nilicheka hadi mlinzi wa mlangoni akageuka kunitazama.